Mashati ya Warushaji Wanne

Ijumaa, 8 Mei 2015. Louisville

Daftari hili lilikuwa la Aksanti, binti yangu. Alijaza kurasa tatu za hesabu akalichoka, mimi nikalirithi. Nimesoma mpaka darasa la sita kule Walungu, na la saba nililisoma kwa macho, nikipita nje ya dirisha. Lakini nimetembea. Bujumbura naijua, Kampala naijua, Nakivale kambini nilikaa miaka tisa, na Lusaka nilifika kwa sababu ya kupanda lori lisilo langu. Mwanaume aliyetembea hivyo hawezi kushindwa na msimu mmoja wa mpira.

Bon. Mimi Zihindula ndiye mfua nguo wa Wavushaji, timu ya besiboli ya mji huu. Si zile kubwa za kwenye televisheni. Sisi ni ligi ndogo, ligi ya mabasi na soseji baridi. Mwaka jana tulishika mkia. Leo kocha ametuita wote, hata mimi, akasema wale wazee wenye matumbo wameondolewa na timu itainuliwa na warushaji wanne vijana. Kwa asiyejua: mrushaji wa kuanza ndiye anayesimama kwenye kile kichuguu katikati ya uwanja, anarusha tangu mpira wa kwanza mpaka achoke. Akiwa mbovu, wenzake wanane ni mapambo. Vijana wanne, kila mmoja na siku yake.

Kocha akasema hawa ndio kesho yetu, kisha akatema tumbaku ndani ya chupa. Mimi namwita Mzee Tumbaku, lakini kwa heshima. Mtu anayewapa vijana kazi ya wazee ni mtu wa maana.

Kesho yetu imeniletea kapu la nguo ambalo hata nzi angepiga hodi kwanza.

Jumapili, 10 Mei

Tumepigwa.

Jumatatu, 11 Mei

Tumepigwa. Mvua. Tope lao lina harufu ya bata.

Alhamisi, 14 Mei

Leo nimetoa ndani ya mashine ya kufulia maganda ya alizeti yanayojaa kofia mbili. Watu wazima, wenye ndevu, wanakula mbegu kama kuku na kutemea mahali popote, halafu zinazobaki wanazisahau mfukoni. Soksi zinasimama zenyewe. Kuna mmoja anaificha tumbaku iliyotafunwa kwenye glavu. Nilifua nguo za hospitali ya kambi wakati wa kipindupindu na sikuwahi kutapika. Hapa Amerika, kwenye nchi ya sabuni, nimetapika mara mbili.

Warushaji wenyewe nimeshawajua kwa nguo zao. Wa kwanza anatoka jasho hata akikaa. Wa pili anajipaka manukato juu ya uchafu, dhambi mbili kwa pamoja. Wa tatu namwita Karoti kwa sababu ya nywele zake. Wa nne ni Austin, Mkenya. Donc, yaani, kazaliwa Columbus, mama yake alikuja kusoma uuguzi akabaki. Ana miaka ishirini na miwili. Anaongea Kiswahili kama mtu anayetembea peku juu ya miiba. Juzi kanijia: "Mzee, shikamoo. Please, shati langu usiliweke softener."

Nikamwambia nimefua nguo za majenerali wawili na askofu mmoja, na hakuna hata mmoja aliyenipangia sabuni. Akacheka. Sikupenda kucheka kwake.

Jumamosi, 23 Mei

Lazima niandike ukweli ingawa unaniuma. Leo Austin ameanza, na kwa raundi saba hakuna mtu aliyeugusa mpira wake vizuri. Nilikuwa mlangoni na kapu mkononi. Mkono wake ulikuwa unapita hewani kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, na yule mwenye gongo anapiga upepo. Tumeshinda. Nilikuta kapu limeanguka na mimi nimesimama juu ya nguo.

Baadaye alikuja mwenyewe na shati lake. Akanipa kwa mikono miwili, akainama kidogo. Mama yake amemlea. Nilimwambia kwamba hata mimi, ujanani Walungu, nilikuwa narusha mawe hivyohivyo, niliwahi kuangusha embe tatu kwa jiwe moja. Aliniamini. Kijana mzuri.

Jumatano, 3 Juni

Tumeshinda sita mfululizo. Watu wa duka la kahawa wananiamkia kama mimi ndiye niliyerusha. Sikuwakataza.

Ila nimeanza kuona kitu. Zamani Austin alikuwa anapumzika siku nne. Sasa ni tatu. Akianza, Mzee Tumbaku hamtoi mpaka mwisho. Anakaa kwenye benchi, anatema, anaangalia ubao wa matokeo.

Jumanne, 9 Juni

Hii nitaandika polepole.

Kila mwanaume mzima anavua shati la kubana kwa njia moja: anavuta juu ya kichwa, na mikono yote miwili ya shati inageuka ndani kuwa nje. Mimi kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kuigeuza. Mikono hamsini, kila siku. Sasa asubuhi ya leo nimechukua shati la Austin. Mkono wa kushoto uko sawa. Wa kulia umegeuka wote, umekunjamana kama ngozi ya sungura aliyechunwa.

Nikakaa chini.

Kule Nakivale mke wangu Jolie alianguka kisimani akavunjika kiwiko. Miezi miwili nilimwangalia akivua blauzi. Anatoa kwanza mkono mzima, anapitisha kichwa, halafu ule mgonjwa anauchuna polepole kwa vidole. Blauzi ilikuwa inabaki vilevile kama shati hili. Tena nikakumbuka na shati la Ijumaa lilikuwa hivyo. Na la Jumatatu ya wiki ile nyingine.

Nilimngoja. Alipofika nikamwambia avue koti mbele yangu. Akacheka, akasema ana baridi, na nje jua linachoma lami. Nikamwonyesha shati. Akaacha kucheka.

Akaniambia yote, Kiswahili na Kiingereza vikigombana mdomoni. Kiwiko kinawaka tangu katikati ya Mei. Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Anapiga mswaki kwa kushoto. Lakini tarehe 27 watakuwa Buffalo, na watu wa timu kubwa, ile ya kwenye televisheni, wanakuja kumwangalia yeye. Siku moja tu. Baada ya hapo atamwona daktari.

"Mzee, nakuomba. Usimwambie mtu. Hata Mum."

Nikamwambia mdomo wangu ni kaburi. Nilimwambia siri za mawaziri zimelala ndani yake. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, wa kushoto.

Nilifua shati lile peke yake, kwa mikono.

Jumamosi, 13 Juni

Leo maombi, nyumbani kwa Pasta Ruhimbika hapa Newburg. Tulikuwa kama ishirini. Pasta akauliza nani ana mzigo. Mama mmoja akaomba kwa ajili ya magari, mwingine kwa ajili ya mume. Mimi nilikuwa nimebeba siri ya ule mkono siku nne. Nikasimama. Nikasema kuna kijana, sitataja jina, ana shida ya kiwiko cha kulia. Pasta akasema tuombe kwa kueleweka, Mungu si mpiga ramli. Donc nikafafanua kidogo: ni mrushaji wa timu yetu, mama yake ni Mkenya, muuguzi, anakaa Columbus mtaa wa Clintonville, na kijana ameficha maumivu ili wakubwa wamwone Buffalo tarehe 27.

Wakaomba vizuri sana. Watu walilia. Wametangaza mfungo wa siku tatu.

Kwenye gari, tulipofika taa nyekundu ya pili, Jolie akanigeukia. Halafu: "Papa Aksanti, si uliapa?"

"Sikutaja jina."

"Hukutaja jina. Ulitaja mtu."

Nikamweleza kwamba kumwambia Mungu si kusema. Aksanti kutoka kiti cha nyuma akasema kwa Kiingereza kwamba Mungu hakuwa peke yake pale sebuleni. Watoto wa siku hizi hawana dini.

Jumatano, 17 Juni

Tumeshinda. Austin raundi nane. Shati: sungura.

Jumamosi, 20 Juni

Mtu wa vifaa ameumwa mgongo, donc safari ya Columbus na Buffalo wananichukua mimi. Nimewaambia kwamba kupanga mizigo nilijifunza kwenye lori la Lusaka. Jolie ananifungia sambusa na hataki kuniangalia. Amesikia maombi yetu yamerekodiwa kwa sauti na kutumwa kwenye simu za makanisa mengine, ili ndugu waungane nasi katika mfungo. Makanisa gani, nikamuuliza. Akasema: yote.

Jumatatu, 22 Juni. Njiani

Basi la timu. Miguu thelathini bila viatu. Mtu mmoja anakata kucha na zinaruka. Sina la kuongeza.

Jumanne, 23 Juni. Columbus

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tisa mchana, kabla ya mechi, nilikuwa napanga magongo pembeni ya uwanja. Wachezaji walikuwa wanajinyoosha. Nikaona mwanamke anateremka ngazi za watazamaji, bado amevaa sare yake ya kazi, ile ya kijani, na viatu vyeupe. Nyuma yake mama wa Kikongo mwenye kitenge, anakimbilia kumshika mkono. Huyo wa nyuma, nilikuja kujua, ni Laurentine. Anatunza wazee kwenye nyumba moja na muuguzi huyu. Jana wakati wa chakula alimchezea sauti ya maombi ya Louisville, kwa nia safi kabisa, amwambie kuna mama mwenzake Mkenya ana mzigo, wamwombee pamoja. Sauti ilikuwa yangu.

Muuguzi ni Mama Edah. Alifika kwenye uzio na hakusalimia mtu.

"Austin. Njoo hapa."

Akaja. Alikuwa anatabasamu, mpaka alipomwona vizuri uso.

"Nyoosha mkono."

"Mum, si hapa."

"Ni hapa. Nyoosha."

Wachezaji wote waliacha kujinyoosha. Austin akautoa mkono juu ya uzio. Uliishia njiani. Ulibaki umepinda kama mkono wa birika, na yeye anasukuma, meno yamekazana, na hauendi. Mama yake akaushika kwa vidole viwili pale ndani ya kiwiko, akabonyeza. Kijana akapiga goti. Hakulia, lakini aliishiwa na rangi.

Mzee Tumbaku akaja na chupa yake. Mama Edah akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuwauliza madaktari wakubwa, tangu lini anajua. Nilitegemea aseme hajui. Nilikuwa namwombea aseme hajui. Akasema warushaji wote wanaumwa, mama, ndiyo kazi. Akasema tangu Mei alimwona anashika kikombe kwa kushoto. Akasema zimebaki siku nne tu, baada ya Buffalo angempumzisha. Halafu akatema.

Nimefua nguo za mtu huyu wiki saba. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa soksi za watu kilihama chote mara moja, kikamwendea yeye. Kesho yetu! Mtu anaita watoto wa watu kesho, halafu anawamaliza leo.

Lakini sikuweza kukaa na kinyaa hicho muda mrefu, kwa sababu Mama Edah alinigeukia mimi. "Wewe ndiye ile sauti?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Ulijua siku ngapi?"

Nikahesabu. "Kumi na nne."

"Ukaambia watu wote isipokuwa mimi."

Akanipa mgongo. Ningependa angenipiga.

Austin alikuwa bado amepiga goti. Aliniangalia kwa chini. "Ulisema mdomo wako ni kaburi, mzee," akasema. Kiswahili chake kilinyooka leo, hakuna mwiba hata mmoja.

Wakaondoka naye kwenda hospitali. Sambusa zimebaki kwenye begi. Sikuzila.

Jumatano, 24 Juni

Laurentine amenipigia. Mshipa wa kiwiko umechanika zaidi ya nusu. Daktari amesema mechi moja tena, labda mbili, ungekatika wote na kwenda na neva. Atapasuliwa Julai. Mwaka mzima hatarusha.

Laurentine analia, anasema tumeharibu. Nikamwambia wewe hukuharibu kitu, mama, wewe uliombea tu. Mharibifu namjua, nanyoa ndevu zake kila asubuhi mbele ya kioo.

Tumepigwa.

Jumamosi, 27 Juni. Buffalo

Wale wa timu kubwa walikuja, wawili, wamevaa kofia za majani na miwani. Walikaa nyuma ya mdakaji na mashine yao ndogo ya kupima mwendo wa mpira. Waliuliza jina la Austin, wakaambiwa hayupo, wakanunua soseji.

Kisha wakaja watu wa kanisa la Buffalo. Ndugu zangu, karibu thelathini, na mashati meupe, mama mmoja na kayamba. Walikuwa wamefunga siku tatu kwa ajili ya mkono ule na walitaka kuuona ukirusha. Mzee wao, Karaha, aliniuliza kijana wetu ni yupi. Nikamwambia yuko Columbus, kitandani. Akafikiri kidogo, akasema basi tuwaombee hawa waliopo. Wakaimba raundi tisa bila kukaa. Tumefungwa kumi na nne kwa mbili. Hata malaika wana mipaka.

Nilipowaaga, yule mama wa kayamba akanipa wali na sombe ya majani ya muhogo kwenye bakuli, akaniambia nisijitese, kwamba mkono ule ungekuwa umekatika leo mbele ya macho yetu. Anasema kweli. Lakini ukweli huo haukutoka kwenye akili yangu, ulitoka kwenye mdomo mrefu. Mtu aliyeangusha chungu kikaua nyoka asijiite mwindaji.

Jumamosi, 4 Julai. Louisville

Fataki. Tumepigwa. Jolie amejificha jikoni, mlio wa fataki haupendi. Nimekaa naye chini, karibu na jiko.

Jumamosi, 11 Julai

Pasta ameuliza nani ana mzigo. Nilikaa. Mara ya kwanza tangu tufike nchi hii. Watu walidhani naumwa.

Jumatano, 15 Julai

Amepasuliwa leo. Nimemwandikia Austin kwenye simu, pole. Alama inaonyesha amesoma.

Ijumaa, 24 Julai

Tumepigwa mara tisa mfululizo. Yule wa manukato ameondoka. Wa kwanza, wa jasho, mabega yamekwisha, wamemrudisha kwao. Mzee Tumbaku ametuita tena, akasema msimu ujao watachukua warushaji wapya, vijana zaidi. Nilitoka nje kutema mate, na mimi sitemi mate.

Jumapili, 9 Agosti

Nimemwandikia Austin tena. Nilimweleza habari za mashine, maganda ya alizeti, harufu. Amesoma tu.

Jumanne, 1 Septemba

Siku tano zimebaki msimu uishe. Asubuhi nimegeuza mashati kama kawaida, najisemea maneno machafu ya Kishi, lugha ya kwetu. Nikafika kwenye la Karoti.

Kushoto sawa. Kulia, sungura.

Karoti ana miaka ishirini. Sikuwahi kumpenda sana, ndiye anayeficha tumbaku kwenye glavu. Nilishika shati lile nikawaza nimwendee nani. Nilimfikiria Pasta, nikaogopa. Nilimfikiria Mzee Tumbaku, nikacheka. Kumwendea Karoti mwenyewe, Kiingereza changu kinatosha kwa sabuni na mvua, hakitoshi kwa kumwambia mtu habari za mwili wake.

Nikalitandaza juu ya meza, nikalipiga picha, nikamtumia Austin. Sikuandika neno.

Baada ya dakika tatu, baada ya miezi miwili na zaidi, simu ikalia. "Shati la nani?"

"Karoti."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Nilisikia televisheni kwao, na Mama Edah anauliza ni nani. Halafu akasema, "Sawa, mzee. Niachie," akakata.

Jumatano, 2 Septemba

Karoti hakuja mazoezini. Wanasema alikwenda kwa daktari jana jioni mwenyewe, hakuna aliyemtuma, na daktari amemsimamisha. Mshipa haujakatika, ni uchovu tu, atapona akipumzika. Mzee Tumbaku amepiga teke pipa la taka, anauliza nani anawatia watoto hawa maneno. Taka nilizizoa mimi.

Kabla ya saa sita Karoti akapita kuchukua vitu vyake. Akanitazama, akasema kwa Kiingereza kile ambacho Austin alimwambia: achague, aende kwa daktari, ama mzee wa nguo ampeleke kwenye maombi. Akaniuliza hayo maombi ni kitu gani. Nikamwambia ni kitu kikali sana.

Jumapili, 6 Septemba

Mwisho. Tumepigwa. Tumeshika mkia.

Nilikuwa nafua mzigo wa mwisho simu ikatetemeka. Ni Austin. Hakuna neno, picha tu: sakafu ya chumba, zulia la kijivu, na shati la kubana limetupwa. Nilitafuta miwani. Mikono yote miwili imegeuka, wa kulia na wa kushoto, sawasawa, kama ya mtu aliyevuta juu ya kichwa bila kufikiri.

Niliitazama mpaka mashine ikaacha kuzunguka.

Sakafuni, jamani. Ameliacha sakafuni, limeloa jasho, na kapu linaonekana palepale pembeni. Mtoto wa muuguzi. Uchafu gani huu.